Malalamiko ya Muuza Nyama Kuhusu Ukubwa wa Kiganja

Kwa Mshauri wa Lishe,
Hospitali Kuu,
Chumba kinachofuata baada ya maabara, chenye kiti kinachoyumba.

YAH: KUVURUGWA KWA NYUMBA YANGU KWA NJIA YA MBOGA

Ndugu Mshauri,

Kwanza pokea salamu zangu za heshima, na uniwie radhi kwa mwandiko. Mikono yangu imezoea kisu kuliko kalamu. Bila shaka unanikumbuka. Mimi ndiye yule mwanamume mnene aliyekuja na mkewe, akakalia hicho kiti kinachoyumba, akakuuliza kama supu ya mifupa inahesabiwa kuwa ni maji. Ulicheka, ukaomba samahani kwa kucheka, kisha ukasema hapana. Mimi ni muuza nyama. Bucha langu ni la mwisho kwenye safu ya mabucha pale sokoni, lenye bango la fahali anayetabasamu, na habari za bango hilo utazipata huko mbele.

Mke wangu ni mchora mabango. Mwaka jana alipatikana na saratani ya utumbo mpana. Daktari wa upasuaji sina ugomvi naye hata kidogo: alikata, akatoa, akashona, na hiyo ni kazi ninayoielewa, ukiacha hapo kwenye kushona. Wale wa dawa za mishipa nao sina neno nao, ingawa walimwondolea nywele na ladha ya mdomo. Ugomvi wangu ni na wewe, uliyemkuta mgonjwa ameshashonwa, ukavuta kiti chako karibu na kuanza kutuuliza tunakula nini. Nimevumilia, nimejikaza, nimetafuna kimya kimya, na sasa maji yamenifika shingoni. Naomba nikueleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Kiganja.

Ulisema nyama nyekundu ipunguzwe, na soseji na nyama nyingine za kiwandani ziachwe kabisa ikiwezekana. Nikakuuliza ipunguzwe mpaka wapi. Ukainua mkono ukasema kipande kisizidi kiganja, tena si kila siku. Ndugu Mshauri, kiganja cha nani? Mimi mizani yangu hukaguliwa kila mwaka. Mkaguzi huja na mawe yake ya shaba ndani ya sanduku, akapima, akagonga muhuri, na siku akiikuta inapunja hata kidogo bucha linafungwa. Wewe umekaa ofisini, umevaa koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, halafu unapima nyama kwa kitu ambacho kila mtu amezaliwa nacho kwa saizi yake. Changu kinafunika kilo nzima bila kujinyoosha. Cha mke wangu hakifuniki hata maini ya kuku. Chako nilikitazama sana siku ile, mbele na nyuma, na sikuona muhuri wowote. Kwa kuwa kipimo hakieleweki, nyama nyekundu ilisimamishwa nyumbani kwetu mpaka ufafanuzi utakapopatikana. Ufafanuzi haujapatikana hadi leo. Kwa hiyo nyumbani kwa muuza nyama hakuna nyama.

2. Rangi.

Ulisema sahani iwe na rangi nyingi, kwa kuwa mboga na matunda ya rangi tofauti yana faida tofauti. Kwa watu wengine hayo ni maneno ya kupita. Hukujua kwamba unaongea mbele ya mchora mabango. Ile kadi kubwa ambayo wateja wake huchagulia rangi sasa imetundikwa jikoni, karibu na jiko, na hakuna chakula kinachoondoka hapo kabla ya kulinganishwa nayo. Juzi tulibishana kama karoti na boga ni rangi mbili au moja, mpaka chakula kikapoa. Mke wangu alitoa uamuzi kwamba boga ni karoti iliyochanganywa na nyeupe kidogo, hivyo ni moja, ikabidi nitoke nikatafute nyingine. Bilinganya nayo ina kesi yake. Nje ni zambarau, ndani ni nyeupe, mimi nasema inahesabiwa, yeye anasema, "Hiyo imepakwa rangi mkono mmoja tu, mzee wangu, ikipigwa na mvua inatoka." Bitiruti sina tatizo nayo, isipokuwa iliniharibia shati, na wateja wakadhani siku hizi nachinja mwenyewe.

3. Nyuzinyuzi.

Maharage, kunde, dengu, mkate wa ngano isiyokobolewa. Ulisema vyote hivyo vinausaidia utumbo, na sikatai, maana utumbo nauuza na najua unavyokaa. Kuhusu athari zake kwa mtu mzima wa umri wangu sitaki kuingia kwa undani, hii ni barua rasmi. Naomba tu ujue kwamba bucha langu lina mlango mmoja na halina dirisha, na kwamba baadhi ya wateja wangu wa siku nyingi wameanza kuagiza wakiwa nje.

4. Heshima yangu sokoni.

Mbele ya bucha langu kuna mama anayeuza mboga. Miaka yote hii tumefanya kazi tukitazamana na tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tu, kama inavyofaa kwa watu wa biashara mbili zinazopingana. Siku hizi nikitokeza mlangoni anapaza sauti soko zima lisikie: "Mteja wangu! Njoo bwana, spinachi ya leo changa, nimekufichia!" Nilivuka nikamwomba asitangaze. Akasema haya, atakuwa ananong'ona, akanong'ona kwa sauti ile ile. Habari zikafika kwa mwenyekiti wa chama chetu cha wauza nyama. Alinivuta pembeni, nyuma ya gogo la kukatia mifupa, akataka kujua kama nimewahama. Nikamweleza kwamba ni mambo ya hospitali. Akanishika bega, akasema, "Pole sana, kaka. Ila ukinunua, tumia mfuko mweusi."

5. Bango.

Yule fahali wangu alichorwa na mke wangu tukiwa wachumba. Chini yake palikuwa na maandishi mekundu: NYAMA SAFI KILA SIKU. Hakuna mtu aliyewahi kuyalalamikia. Mwezi uliopita nilikuwa nimekwenda machinjioni, na niliporudi nikakuta ngazi imeegemezwa ukutani na watu wamesimama wanacheka. Chini ya maneno yangu mtu ameongeza kwa rangi ya kijani: LAKINI WEWE USILE KILA SIKU. Na fahali, ambaye tabasamu lake lilikuwa la mtu wa heshima zake, sasa anacheka mpaka magego yanaonekana. Mchoraji alikuwa bado juu ya ngazi, kilemba kichwani, anasafisha brashi. Nikamuuliza anafanya nini na biashara yangu. Akajibu kwamba anaifanyia matengenezo.

Tangu siku hiyo wateja wangu wamegeuka wakaguzi. Mwalimu mstaafu wa pale nyuma ya soko huja, hutandaza mkono wake juu ya kaunta na kusema, "Nikatie huu." Ana mkono mpana kama koleo. Mkewe naye huja kesho yake, hutandaza wa kwake, na kunilaumu kwa kumwamini mumewe. Wengine huja na mikono ya watu wasiokuwepo, wanasema, "Wangu mdogo, lakini wa shemeji ni kama hivi," wakionyesha hewani. Kazi ninayoifanya sasa si ya nyama tena, ni ya kusoma viganja, na sikuisomea.

6. Vinywaji, na ile sehemu iliyoungua.

Uliuliza kuhusu pombe, ukasema kadiri inavyopungua ndivyo bora, na ikikosekana bora zaidi. Uliuliza kuhusu soda, ukatikisa kichwa. Ukauliza kama tunapochoma nyama huwa tunaiacha mpaka inaungua. Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, nikidhani unataka kunisifu. Ile sehemu nyeusi ya pembeni, ambayo watu wazima hugombania, ukaiweka kwenye vitu vya kuepukwa. Sasa Jumamosi jioni nakunywa maji. Nakunywa maji nikiwa nimeketi na mwenyekiti wa wauza nyama, na kila ninapoinua glasi yeye hutazama upande mwingine.

7. Ahadi nusu.

Hapa sasa ndipo penye lalamiko lenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu na sijawahi kumkatalia jambo, alikuja na chupa. Aliinunua kwa mtu mwenye gari na spika kubwa, aliyesema kwamba dawa iliyomo humo inamaliza saratani yote, pamoja na meno mabovu na ugomvi wa ndoa. Masharti yake ni kwamba mgonjwa aache dawa za hospitali, na asiguse kitu kitamu maisha yake yote, hata tunda. Tukakuletea ile chupa. Ulimpokea mama mkwe kwa adabu, ukamwita mama, ukampa kiti kisichoyumba, ambacho mimi sijawahi kupewa. Ukamwambia kwamba hakuna chakula wala kinywaji kinachotibu saratani. Dawa za hospitali ziendelee, binti yake ale ashibe, asijinyime mpaka akakonda, na matunda ale. Ukasema chakula bora kinausaidia mwili kuyastahimili matibabu, na kinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa kurudi. Mama mkwe akauliza, "Kupunguza tu, mwanangu? Si kumaliza?" Ukamjibu, "Kupunguza tu, mama." Ukaongeza kwamba hata huko kupunguza hakuwi sawa kwa kila mtu.

Ndugu Mshauri, unaona ulichokifanya? Mwenye spika alitoa ahadi nzima na hakudai nile hata jani moja. Wewe umetoa ahadi nusu, na kwa hiyo nusu umedai kunde, dengu, boga, bilinganya, spinachi na mkate unaohitaji meno ya farasi. Mimi nikimkabidhi mteja mfuko na kumwambia, "Chukua, huenda nyama imo," nitapigwa hapo hapo. Chupa tuliimwaga, kwa sababu ulisema tuimwage, na mama mkwe alinitazama nikiimwaga kama vile namwaga mwanawe. Nilitamani siku ile uwe mwongo kidogo. Ungesema tu "kumaliza", mbele ya mama mkwe na mbele yangu, ningekula hata hilo gunia la dengu nikiimba.

8. Mizani.

Ulisema asipungue uzito wakati wa dawa, na tumpime kila wiki. Nyumbani hatuna mizani ya watu. Tunayo ile kubwa ya bucha, ya chini, ninayopimia mapaja ya ng'ombe yakitoka machinjioni. Basi kila Jumatatu kabla ya kufungua nilikuwa naiosha, naipangusa, natandika karatasi safi, na mke wangu anapanda huku ameshika ndoano ya nyama asianguke. Siku ya kwanza alisema, "Usinikosee bei tu." Nilicheka sana. Wiki zilizofuata mshale ukawa unarudi nyuma. Yeye aliendelea kutania, mimi nikashindwa kucheka. Mizani ile haijanidanganya tangu niinunue, na kipindi kile nilikuwa naiomba inidanganye. Nikawa nausoma mshale na kumtajia tarakimu nyingine. Yeye alijua, mimi nilijua kwamba anajua, na tulirudi nyumbani tukala boga.

Sasa mshale umeanza kupanda, na nashukuru. Lakini hadi leo nikipandisha paja la ng'ombe pale juu nafumba macho kabla ya kuusoma mshale, na mtu wa kazi yangu hatakiwi kufumba macho mbele ya mizani. Hilo nalo nalilalamikia, na sijui nimlalamikie nani kama si wewe.

Kutokana na hayo yote, nadai yafuatayo:

(a) Uniandikie, kwa muhuri wa hospitali na sahihi mbili, kwamba nikiendelea kutafuna yote uliyoyataja mke wangu atakuwepo. Sitaji miaka. Awepo mpaka nitakapomchoka, na mpaka sasa sijaona dalili.

(b) Ukishindwa, nirudishiwe mbavu zangu, soseji zangu, glasi yangu ya Jumamosi na ile sehemu nyeusi ya pembeni, na uende mwenyewe kwa mwenyekiti wa wauza nyama ukanisafishie jina.

(c) Serikali itengeneze kiganja rasmi. Kiwe cha shaba, kipimwe, kigongwe muhuri, kigawiwe nyumba kwa nyumba, na kila bucha litundike chake ukutani. Wakaguzi wapite wakati wa chakula bila kutoa taarifa. Mtu akikutwa na kipande kinachochungulia nje ya vidole, alishwe dengu hadharani. Wenye mikono mipana, kama yule mwalimu, wafunguliwe dirisha lao la rufaa.

(d) Mpaka kiganja hicho kitoke kiwandani, watu wote wasimamishe kula, kwa kuwa hakuna hata mmoja anayejua kipimo. Ng'ombe nao wajulishwe, wasiendelee kunenepa bila sababu.

Usiponijibu, nitapeleka nakala kwa Mganga Mkuu, kwa mkaguzi wa mizani, na kwa mama mkwe wangu. Huyo wa mwisho nakushauri usimpuuze.

Mwisho, nisalimie sana mlinzi wa getini, aliyekuwa akituachia kivuli cha kuegesha pikipiki. Msalimie yule wa maabara anayeomba samahani kabla ya kuchoma sindano, na mama wa usafi aliyemfunga mke wangu kilemba upya siku kilipofunguka kwenye foleni. Na wote walioketi kwenye lile benchi refu wakisubiri kuitwa, waambie muuza nyama anawasalimu na anawaombea wakute kiti kizima.

Ni mimi, mwenye njaa na mtiifu kwako,

Muuza Nyama,
Bucha la mwisho, penye fahali anayecheka.

TANBIHI. Ndugu Mshauri, huyu si yeye, ni mimi mkewe. Ametoka kutafuta bahasha akaacha barua mezani, nimeisoma yote na nimecheka mpaka mshono umeniuma. Nasahihisha machache. Aliyesimamisha nyama nyumbani si wewe wala si mimi, ni yeye. Anaiuza mchana kutwa, akirudi anaosha mikono mpaka kwenye viwiko kabla hajanigusa. Kadi ya rangi aliibeba mwenyewe kutoka kwenye karakana yangu, akaitundika, na hiyo kesi ya boga na karoti alinilazimisha niiamue nikiwa na njaa. Spinachi anainunua bila kutumwa na mtu. Mbavu zake hakunyang'anywa. Mwenyekiti humpelekea zikiwa moto, naye anajibu kwamba hali asichokula mwenzake. Bango tu ndilo langu. Nilitaka acheke, maana alikuwa amesahau. Majibu ya vipimo vya juzi mnayo, ni mazuri, na nitarudi kwa vingine kama mlivyonipangia. Ladha imenirudia, na nina hamu ya nyama jamani, kidogo tu, isiyoungua. Wewe ulishaniambia naruhusiwa. Mwambie na yeye kwa maandishi, maana mimi hanisikii.

TANBIHI YA PILI. Nimerudi na bahasha nikayakuta hayo. Siwezi kuyafuta, ameyaandika kwa brashi na ni rangi ya mafuta. Yote ni kweli. Madai (b), (c) na (d) nayaondoa, na lile la (a) najua huna uwezo nalo. Ulishanieleza kwa upole, nikajifanya sikusikia. Naogopa, Ndugu Mshauri. Nimekata nyama maisha yangu yote bila kufikiri, na hiki kipande kimoja kinanishinda, kwa sababu nikimkatia, halafu siku moja majibu yaje mabaya, nitakumbuka kisu kilikuwa mkononi mwa nani. Najua utasema haiko hivyo. Lilikuwa limebaki suala la kiganja tu. Lakini sasa hivi, nikiwa naandika haya, ametandaza mkono wake mezani mbele yangu. Wakati wa dawa mkono huu ulikuwa umebaki mifupa, nilikuwa nikiushika naogopa kuubana. Leo umejaa. Si mkubwa, lakini unabeba kipande kizuri cha steki. Usijisumbue kunijibu, kipimo nimekipata.